Nilibakiza Kidogo: Historia ya Mchezo wa Misumari na Tundu la Sarafu



Mwaka uliopita, baada ya mavuno, kijana mmoja wa kikundi chetu alitumwa na mama yake kwenda mjini kuuza magunia mawili ya mchele. Fedha ya mchele huo ilikuwa imekwisha kugawiwa nyumbani kabla hata ya kupatikana: sehemu kwa karo ya dada yake, sehemu kwa chumvi na sabuni, sehemu kwa deni la dawa. Alirudi siku ya tatu mikono mitupu. Hakuibiwa njiani, wala hakunywa pombe. Aliingia katika duka lenye mashine ya kuchezea fedha, akanunua jetoni, akacheza tangu asubuhi hadi jua lilipotua. Nilimwita tukaketi chini ya mwembe. Sikumkemea, maana aibu ilikuwa imekwisha kumkemea vya kutosha. Nilimwuliza tu: "Mwanangu, ni kitu gani kilichokushika pale muda wote huo?" Akanijibu: "Mwalimu, kila mara nilikuwa nabakiza kidogo tu."

Nimelitafakari neno hilo kwa muda mrefu. Kijana yule alidhani kwamba alilitoa moyoni mwake mwenyewe. Kumbe neno "nilibakiza kidogo" lina historia. Lina mafundi waliolichonga, lina miji na miaka yake. Leo nataka tuifuate historia hiyo hatua kwa hatua. Kwanza, kwa sababu mnyama aliyeona mtego ukisukwa hauingii kwa urahisi. Pili, kwa sababu ndani ya historia hiyo mna jambo la kutia moyo: mchezo uleule uliogeuzwa kuwa mtego uliweza pia kugeuzwa kuwa mchezo tena.

Maji ya hekaluni

Mashine ya sarafu ya kale kabisa tunayoijua ilielezwa hapa hapa Afrika. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, katika mji wa Alexandria nchini Misri, aliishi mtaalamu wa hesabu na ufundi aliyeitwa Heron. Katika maandishi yake alieleza chombo kilichowekwa hekaluni kwa ajili ya kutoa maji ya kujitakasa. Mwenye kuingia hekaluni alitumbukiza sarafu ya drakma tano katika tundu lililokuwa juu. Sarafu ilianguka juu ya kibati kilichokuwa kwenye ncha ya wenzo. Uzito wake ulikishusha kibati, ncha ya pili ikainuka na kufungua kizibo, maji yakatiririka. Kibati kilipoinama zaidi, sarafu iliteleza ikaanguka chini, wenzo ukarudi mahali pake, maji yakakatika.

Angalieni vema jambo moja. Mtu aliyekuja hekaluni alijua anachotoa, na alijua anachopokea. Sarafu moja, kiasi kimoja cha maji, kwa tajiri na kwa maskini. Basi tundu la sarafu lenyewe halina hatia. Lilizaliwa likiwa njia ya haki ya kuuza na kununua. Swali letu ni hili: lilibadilikaje?

Nyumba iliyojengwa kwa dau

Mbali na hekalu lile, na karne nyingi baadaye, tunakuta mchezo wa misumari. Mwaka 1777, nje kidogo ya mji wa Paris, ndugu wa mfalme Louis wa Kumi na Sita wa Ufaransa, aliyeitwa Mtemi wa Artois, alijenga jumba dogo la anasa liitwalo Bagatelle. Alikuwa amewekeana dau na malkia Marie-Antoinette kwamba ataweza kulimaliza katika muda mfupi sana. Mafundi kwa mamia walifanya kazi usiku na mchana, na jumba likasimama katika muda wa miezi miwili na ushei. Mtemi alishinda dau lake, lakini gharama ya jumba ilikuwa kubwa kupita dau mara nyingi. Miaka 12 baadaye Mapinduzi ya Ufaransa yakaanza.

Inasemekana kwamba jina la jumba hilo ndilo lililopewa mchezo uliopendwa na watu wa jamii ile: meza nyembamba ya mbao, yenye vishimo upande mmoja na misumari midogo iliyosimama kuvizunguka. Mchezaji alisukuma mpira mdogo kwa fimbo. Mpira ulipanda, ukagonga misumari, ukayumba huku na huku, ukaingia katika kishimo fulani au ukakikosa. Ulikuwa mchezo wa sebuleni, wa marafiki waliokaa pamoja. Hakukuwa na tundu la sarafu. Lakini kumbukeni kazi ya ile misumari: ilikuwa inalinda vishimo vyenye alama nyingi, ili mpira uvikaribie mara nyingi na kuviingia mara chache.

Mwaka 1871

Sasa tunafika katika mwaka ambao sisi watu wa Nyangwe hatuwezi kuusahau. Tarehe 30 Mei 1871, mjini Cincinnati nchini Marekani, mtu mmoja aliyetoka Uingereza, jina lake Montague Redgrave, alipewa hati ya kumiliki uvumbuzi wake wa kuuboresha mchezo wa bagatelle. Badala ya fimbo aliweka springi iliyovutwa na kuachiwa, nayo ikaurusha mpira. Mipira mikubwa aliibadilisha kwa gololi. Meza aliifanya iwe na mteremko, na ndogo kiasi cha kuweza kukaa juu ya meza nyingine. Kwa mabadiliko hayo, mchezo wa mabwana wa Ulaya ukawa kitu cha kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa watu wa kawaida. Wataalamu wengi huuhesabu mwaka huo kuwa mwaka wa kuzaliwa kwa mchezo ambao wasemao Kifaransa huuita "flipper".

Siku 46 baada ya tarehe hiyo, yaani tarehe 15 Julai 1871, watu wenye bunduki, wafuasi wa mfanyabiashara Dugumbe, waliwafyatulia risasi watu waliokuwa wamejaa katika soko la Nyangwe kando ya Lualaba. Wengi wa waliokuwepo walikuwa wanawake. David Livingstone alishuhudia kwa macho yake. Aliandika kwamba Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, na wengi wao walizama mtoni wakijaribu kukimbia. Kabla ya risasi ya kwanza, aliwaona baadhi ya watu wale wakibishana juu ya bei ya kuku.

Sisemi kwamba mambo haya mawili yana uhusiano, hayana. Nayaweka pamoja ili mkumbuke soko letu lilikuwa nini kabla ya siku ile. Livingstone alilisifu. Wanawake walivuka mto kwa mitumbwi wakileta samaki, vyungu, kuku na mazao ya shamba, wakapatana bei kwa maneno na vicheko. Katika soko la namna hiyo, anayeuza na anayenunua hutazamana usoni. Kuku hushikwa na kupimwa uzito kwa mkono. Bei hupanda na kushuka mbele ya macho ya wote. Ukidanganywa leo, kesho unamjua wa kumwendea. Bunduki ililiua soko lile kwa kishindo. Mashine za kamari zilipokuja duniani hazikupiga kishindo chochote, lakini zilileta mchuuzi wa namna mpya: mchuuzi asiye na uso, asiyejibu akiulizwa, na ambaye bei yake halisi haionekani.

Mafundi wa Chicago

Mchuuzi huyo alianza kujulikana Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Katika miaka ya 1890, mjini San Francisco, fundi Charles Fey, mzaliwa wa Bavaria nchini Ujerumani, alitengeneza mashine yenye magurudumu matatu yenye picha, iliyolipa sarafu picha zilipopangana. Aliiita Liberty Bell. Mashine hiyo ndiyo mama wa ile iliyomla kijana wetu mchele. Mchezo wa misumari, kwa upande wake, ulisubiri hadi wakati wa njaa.

Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka. Kufikia mwaka 1933, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Katika miaka hiyohiyo, David Gottlieb wa Chicago alitoa mchezo ulioitwa Baffle Ball, mwaka 1931. Ulikuwa sanduku la mbao lenye kioo juu, springi, misumari na tundu la sarafu. Wenye maduka waliununua kwa dola 17 na nusu, wakauweka juu ya kaunta. Kwa senti moja, ambayo ilikuwa sarafu ndogo kabisa ya nchi ile, mtu alipata mipira kadhaa. Gottlieb aliuza zaidi ya mashine 50,000. Mtu asiye na kazi hakuweza kumpeleka mke wake kwenye sinema, lakini senti moja aliweza kuipata.

Mmoja wa wauzaji wa mashine hizo, Raymond Moloney, aliona kwamba kiwanda cha Gottlieb hakiwezi kutosheleza wanunuzi. Mwaka 1932 akatengeneza mchezo wake mwenyewe, akauita Ballyhoo; na kampuni yake ikajulikana kwa jina la Bally. Likumbukeni jina hilo, maana tutakutana nalo tena.

Wachezaji nao hawakulala. Waligundua kwamba ukilipiga sanduku kwa kiganja au ukilinyanyua, mpira hufuata njia unayotaka. Harry Williams, kijana aliyesomea uhandisi, alikasirika alipowaona wakifanya hivyo kwa mashine yake. Kwanza alipigilia misumari chini ya sanduku, ncha zikielekea chini, ili atakayelipiga aumie. Kisha akaona kwamba huo ni ukatili, akatafuta njia nyingine: kidude kidogo ndani ya mashine ambacho kikitikiswa kupita kiasi kinausimamisha mchezo. Ni Williams huyuhuyu ambaye mwaka 1933, katika mchezo ulioitwa Contact, alitumia umeme wa betri kuurusha mpira kutoka kishimoni na kupiga kengele. Tangu hapo mashine ikaanza kuwa na sauti na mwanga.

Lakini mwaka huohuo wa 1933 kulitokea jambo la pili, lenye uzito zaidi. Kampuni ya Bally ilitoa mashine iliyoitwa Rocket, ambayo ilimlipa mshindi fedha yenyewe, bila mkono wa mtu. Hapo ndipo njia ilipogawanyika. Kabla ya hapo, mtu alitoa senti moja ili acheze. Alinunua furaha ya dakika chache. Sasa mtu alitoa senti ili apate senti nyingi. Mipira na misumari ilibaki ileile, lakini kilichouzwa kilikuwa kimebadilika. Hakikuwa tena mchezo. Kilikuwa tumaini.

Nyundo ya meya

Fedha ya sarafu nyingi huwavuta watu wengi, na si wote wema. Katika miji mikubwa, majambazi waliingia katika biashara ya mashine. Watoto walitumbukiza humo fedha ya chakula cha shuleni. Meya wa New York, Fiorello La Guardia, alizipiga marufuku mwezi Januari 1942. Polisi walizikusanya kwa maelfu na kuzivunja kwa nyundo. Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea, na chuma chake kilipelekwa kutumika vitani.

Je, meya alikuwa na haki? Nadhani alikuwa na haki nusu. Aliona kwa usahihi kwamba mashine iliyoishi kwa sarafu za watoto na za maskini si mchezo wa bure. Lakini nyundo haikutofautisha mashine iliyolipa fedha na ile iliyotoa furaha tu. Zote mbili zilivunjwa pamoja.

Mikono miwili midogo

Jibu lilitoka kwa mafundi wenyewe. Mwaka 1947, Harry Mabs, aliyefanya kazi katika kiwanda cha Gottlieb, alitengeneza mchezo ulioitwa Humpty Dumpty. Ndani yake aliweka vijiti sita vilivyosukumwa kwa umeme, vitatu kila upande. Mchezaji alipobonyeza kitufe, vijiti vilipiga mpira na kuurudisha juu. Mwaka 1948 Steve Kordek wa kampuni ya Genco alipunguza hesabu hiyo: aliweka vijiti viwili tu, chini kabisa, mahali mpira unapotaka kuanguka na kupotea. Tangu siku hiyo hadi leo, mashine ya flipper ina mikono hiyo miwili midogo.

Fikirini mabadiliko hayo yalimaanisha nini. Katika Baffle Ball, ukishaiachia springi, kazi yako imekwisha. Kinachobaki ni kutazama. Misumari ndiyo inayoamua. Katika Humpty Dumpty, mpira unapoanguka, mchezaji ana la kufanya. Akijifunza, atacheza vizuri zaidi kesho kuliko leo. Senti yake inampa kitu alichokitazamia: muda wa kucheza, na nafasi ya kutumia mikono na akili.

Hata hivyo, marufuku ya New York iliendelea kwa miaka 34. Mwezi Aprili 1976, mwandishi kijana Roger Sharpe aliitwa mbele ya kamati ya baraza la mji ili aonyeshe kwamba flipper ni mchezo wa ustadi. Alicheza mbele yao. Kisha akanyosha kidole, akasema mpira wake unaofuata utapita njia ya katikati, akavuta springi, na mpira ukapita njia ya katikati. Marufuku ikaondolewa. Baadaye Sharpe mwenyewe alikiri kwamba katika pigo lile bahati ilimsaidia.

Ndugu wa pili

Lakini ile njia nyingine haikufungwa. Bally iliendelea kutengeneza mashine za misumari zisizo na ile mikono miwili. Kuanzia mwaka 1951, mashine ya Bright Lights na zilizoifuata zilikuwa na vishimo 25 na kadi zenye namba zilizowaka taa. Mchezaji alitafuta namba tatu, nne au tano katika mstari mmoja. Ziliitwa bingo. Ziliruhusu kuongeza sarafu juu ya sarafu kabla hata ya kurusha mpira, ili kupata kadi bora au malipo makubwa zaidi. Mwaka 1951 Marekani ilitunga sheria ya kuzuia mashine za kamari kusafirishwa kutoka jimbo moja hadi jingine, na mwaka 1957 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba mashine za namna hiyo ni za kamari.

Mlango mmoja ulipofungwa, soko jingine lilikuwa wazi. Nchi moja iliyozipokea mashine hizo kwa wingi ni Ubelgiji, ambayo wakati huo ilikuwa ikitawala nchi yetu. Zikakaa katika vilabu vya pombe vya Wabelgiji kwa miongo mingi, kiasi kwamba sheria ya Ubelgiji ya tarehe 7 Mei 1999 juu ya michezo ya bahati ilizipa nafasi yake rasmi: hazikuruhusiwa kuzidi mbili katika kila kilabu, wala kuchezwa na mtu aliye chini ya miaka 18.

Bally nayo, mwaka 1963, ilirudia wazo la Charles Fey. Ikatengeneza mashine ya magurudumu iliyotumia umeme, ikaiita Money Honey. Kampuni iliyozaliwa na mchezo wa gololi wa kaunta ikawa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa mashine za kamari duniani.

Hapo ndipo tunapokutana na neno la kijana wetu. Mwaka 1984, mhandisi Inge Telnaes alipewa hati ya uvumbuzi nchini Marekani. Katika mashine ya Fey, gurudumu ndilo lililoamua: liliposimama, hapo ndipo uliposhinda au kushindwa. Katika mashine ya Telnaes, kompyuta huchagua namba kwanza, na magurudumu huzunguka tu ili kuonyesha uamuzi uliokwisha kufanyika. Picha ya ushindi inaweza kupewa namba moja tu, na nafasi tupu zilizo juu yake na chini yake zikapewa namba nyingi. Hivyo jicho la mchezaji litaiona picha ya ushindi ikipita hatua moja juu ya mstari, au ikisimama hatua moja chini, mara nyingi kuliko ambavyo gurudumu la kweli lingefanya. Jambo hili lilizua ubishi mkubwa, hata katika jimbo la Nevada, ambako kamari ni riziki ya miji mizima. Mwaka 1989 wasimamizi wa huko walikataza mashine zilizopangwa kwa makusudi ili, mchezaji akishashindwa, zimwonyeshe picha ya "nilibakiza kidogo".

Mwanangu hakubakiza kidogo. Alioneshwa kwamba amebakiza kidogo. Misumari iliyozunguka kishimo cha bagatelle ilikuwa imerudi, ila safari hii haikuonekana.

Kwetu leo

Babu zetu waliponunua na kuuza Nyangwe, walihesabu kwa simbi na shanga. Sarafu za Dola Huru ya Kongo, zile za shaba zenye tundu katikati, zilianza kutengenezwa mwaka 1887. Leo katika Kongo hatutumii sarafu tena. Faranga yetu ni ya karatasi. Lakini mashine haikushindwa kwa sababu hiyo. Mahali pasipo na sarafu, mwenye duka huuza jetoni. Na tambueni kwamba jetoni ina hila yake: ukiishika mkononi, haifanani na mchele wala na karo.

Majirani zetu wamepambana na jambo hilohilo, maana mashine ndogo zilizotengenezwa China zimeenea katika maduka na mitaa ya nchi nyingi za Afrika. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2016, ilikataza mtu yeyote aliye chini ya miaka 25 kushiriki kamari. Tanzania ina bodi maalum ya michezo ya kubahatisha. Nchini Kenya, serikali ilikamata mashine nyingi na kuzichoma moto, kama vile nyundo ya La Guardia ilivyofanya. Sheria ni kitu chema, lakini askari hawezi kusimama katika kila duka. Na sasa wako wenye kuweka dau la mpira kwenye simu, chumbani, usiku, mahali ambapo hakuna askari wala mama.

Ubao wetu wa misumari

Kwa sababu hiyo, katika kikundi chetu tulifanya jaribio, nanyi mnaweza kulifanya. Chukueni ubao na misumari 10. Pigilieni msumari mmoja juu, miwili chini yake, kisha mitatu, kisha minne, kama pembe tatu. Kila msumari uwe juu ya nafasi iliyo kati ya misumari miwili ya mstari unaofuata. Chini kabisa wekeni vyumba vitano. Uinamisheni ubao, mwachie gololi kutoka juu. Kwenye kila msumari, gololi huenda kulia au kushoto. Kwa mistari minne, njia zote ni 16. Njia moja tu hufika chumba cha pembeni kushoto, nne hufika cha pili, sita hufika cha katikati, nne cha nne, na moja cha pembeni kulia.

Sasa tuseme mwenye ubao anatangaza: "Kila gololi ni faranga 100. Atakayeingiza katika chumba cha pembeni, chochote kati ya viwili, nampa faranga 500!" Masikio hupenda kusikia hivyo: kutoa 100 na kupokea 500. Lakini hesabuni. Gololi 16 ni faranga 1,600. Kwa wastani, mbili kati yake zitafika pembeni, na mwenye ubao atalipa faranga 1,000. Zinazobaki kwake ni faranga 600. Hakumwibia mtu, hakusema uongo, hakugusa gololi hata moja. Misumari imemfanyia kazi. Na gololi nane kati ya zile 16 zitaangukia chumba kilicho jirani na cha ushindi, na wenyewe watasema: "Nilibakiza kidogo!"

Vijana wetu walicheka walipoona jambo hilo kwa macho yao. Kisha wakanyamaza.

Jambo la kushika

Kanisa, katika Katekisimu yake, namba 2413, halisemi kwamba mchezo wa bahati ni uovu kwa asili yake. Linasema kwamba unakuwa haukubaliki pale unapomnyima mtu kile anachohitaji kwa maisha yake na ya wale wanaomtegemea. Na linaonya kwamba shauku ya kucheza inaweza kumfanya mtu mtumwa. Mizani hiyo ni ya haki kuliko nyundo ya meya. Haitazami mashine tu. Inatazama fedha imetoka mezani mwa nani.

Basi, mbele ya kila mchezo unaodai fedha yenu, iwe ni mashine ya dukani au dau la kwenye simu, ulizeni maswali mawili ambayo historia hii imetufundisha. La kwanza ni la hekalu la Alexandria: je, ninajua ninachopokea kwa ninachotoa? La pili ni la Humpty Dumpty: je, mikono yangu ina kazi ndani ya mchezo huu, au nimeshaiachia springi na sasa natazama tu? Mchezo wa mpira uwanjani, bao chini ya mti, hata flipper yenye mikono miwili, yote yanaweza kujibu maswali hayo. Mashine iliyokula magunia mawili ya mchele haiwezi.

Mtataka kujua kijana yule amefikia wapi. Alifyatua matofali msimu mzima wa kiangazi, akarudisha karo ya dada yake. Deni la dawa bado analilipa kidogo kidogo. Mama yake alikaa muda mrefu bila kumtuma tena mjini, na sasa humtuma pamoja na dada yake. Ubao wa misumari ni yeye aliyeupigilia. Vijana wa shirika jingine wakija kututembelea, ndiye anayewaeleza hesabu ya njia 16, kwa sauti ndogo, bila kuwatazama sana.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Tengenezeni ubao wa misumari 10, mwachie gololi mara 160, mwandike kila chumba kimepata ngapi. Linganisheni na hesabu ya njia 16.

2. Je, katika mtaa au kijiji chenu, ni michezo gani inayodai fedha? Kila mmoja unajibuje yale maswali mawili?

3. Rafiki yako akikuambia "nilibakiza kidogo", utamjibu nini bila kumwaibisha?